Fundi auliza: Mashine niliyoinakili mbona haidumu?

SWALI: Mimi ni fundi wa jua kali hapa Kibuye, Kisumu. Nimenakili mashine ya kukatia majani ya ng'ombe iliyoagizwa kutoka China. Umbo ni lile lile, lakini visu vyangu hupoteza makali baada ya siku chache na beringi hazimalizi miezi miwili. Nchi kama Korea Kusini zilianza kwa kunakili pia. Sisi tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, umenakili kinachoonekana kwa macho. Kilichobaki ni aina ya chuma, namna kilivyopashwa moto, na vipimo vidogo kuliko unene wa unywele.

Tuanze na kisu. Chuma laini cha dukani kina kaboni ya asilimia 0.2 hivi, na hata ukipashe vipi hakiwi kigumu. Tumia springi bapa ya lori, ambayo kwa kawaida ina karibu 0.6. Ijaribu kwa grainda: chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache, springi hutoa cheche zinazopasukapasuka kwa wingi. Chunguza nyufa, maana springi kuukuu huzificha. Toboa matundu yote kwanza, kwa sababu baadaye keekee haitapenya. Kisha pasha kisu mpaka sumaku isikishike, ongeza moto kidogo, ukitumbukize kwenye oili ya vuguvugu. Maji hupoza kwa kasi mno na kisu hupasuka.

Mafundi wengi huishia hapo, na hapo ndipo penye hatari. Kisu kilichopozwa ghafla ni kigumu lakini huvunjika kwa urahisi, na kipande kikiruka kinaweza kuua mtu. Kisugue king'ae, kisha ukirudishe kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi kwa saa moja. Rangi yake itageuka kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu. Ikishafika buluu, usiongeze moto.

Beringi zinauawa na mtikisiko. Gramu 50 zilizozidi upande mmoja, milimita 200 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 1000 kwa dakika, huvuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 11 hivi. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa hiyo pima visu kwenye mizani hadi vilingane, kisha laza shafti pamoja na gurudumu lake juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pima maji. Upande mzito utashuka wenyewe. Upunguze kwa grainda. Shafti nayo: beringi ya UCP 205 inataka milimita 25, na ukereze isipungue 24.98. Futi ya utepe haiwezi kukuonyesha hilo. Nunua maikromita, kifaa cha kupima sehemu ndogo sana za milimita, uipeleke KEBS, shirika la viwango la Kenya, ihakikiwe.

Korea ilipita njia hii hii. Gari la Hyundai Pony la 1975 lilitumia injini ya Mitsubishi. Injini yao wenyewe, Alpha, ilitoka 1991. Miaka 16 ya katikati ilikuwa ya kujifunza metali, vipimo na majaribio, huku serikali ikitoa mikopo nafuu kwa kampuni zilizouza nje. Mnunuzi wa ng'ambo hapokei "inakaribia". Kwa maoni yangu, kosa letu kubwa ni kununua mitambo bila kudai michoro, orodha ya metali na mafunzo ya mafundi wetu ndani ya mkataba ule ule.

Kuhusu sheria, hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa, hudumu hadi miaka 20 na hulinda tu katika nchi iliposajiliwa. Uliza KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, kabla ya kuuza, na usiweke nembo ya mwenye mashine.

Mwisho, tengeneza jigi ya kutobolea visu, yaani kiolezo kinachoongoza keekee ili matundu yakae pale pale kila mara, uandike kwenye daftari kila mashine: chuma kilitoka wapi, rangi ilifika ipi, shafti ilipimwa ngapi. Kisu cha mashine ya kwanza kikiingia kwenye ya kumi bila kugongwa nyundo, uko tayari kuchukua oda kubwa.