Atakuja kumkata mtu panga? Jibu la aliyevuta

Dada uliyeuliza kama mdogo wako atakuja kumkata mtu panga kwa vile kaanza bangi, mimi si daktari. Nimevuta miaka sita maskani, hapahapa Ng'ambo ya mji wa Unguja, basi nakwambia nilichokiona.

Tulikuwa kiasi cha watu kumi. Msokoto ukishazunguka, ugomvi mkubwa ulikuwa nani akanunue urojo. Wavivu tulikuwa, wasahaulifu pia, na mama zetu tuliwachosha. Wakali hatukuwa. Mambo yaliharibika ulipoingia unga, yaani heroini. Wawili wetu wakaanza kuutia ndani ya bangi, ile wanayoiita kokteli, na mwaka haukwisha wakawa mateja. Arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ndiyo iliyowafundisha kuruka kuta: kwanza ndoo na kuku, halafu mitungi ya gesi, halafu simu za watu vichochoroni. Siku mwenye simu alipokataa, kisu kikatoka. Mtaa mzima: "Bangi hiyo!" Si ndiyo harufu wanayoijua?

(Maneno hayo si mageni. Huko Marekani Harry Anslinger, mkuu wa idara ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, aliwatisha watu kwa hadithi za wavuta bangi wauaji miaka ya 1930, mpaka sheria ya kuibana bangi ikapita 1937.)

Ila nisikufiche. Mwenzetu mmoja hakugusa unga wala pombe, na alimpiga babake kwa mchi. Huyu alianza angali skuli, akivuta kutwa. Miezi kabla ya siku ile alikuwa halali usiku, anaziba madirisha kwa magazeti, anasema baba anamtilia sumu kwenye chai. Na sisi tunamcheka! Baadaye ndipo nilipoelezwa hospitali kwamba bangi, hasa iliyo kali na kwa aliyeanza mdogo, huongeza hatari ya maradhi ya akili ya namna hiyo, na zaidi kama kwenye ukoo yapo. Kwao yalikuwapo, shangazi yake aliwahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili.

Kwa hiyo miye ningemwangalia huyo mdogo wako kuliko msokoto wake. Analala? Anakula nanyi? Vitu vinapotea ndani? Vikipotea, huenda ni unga, na methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, inatolewa Kidongo Chekundu tangu 2015. Akiwa halali usiku na anamshuku mama, hospitali ni hiyohiyo, usingoje sheha aje na polisi. Na visu vya jikoni, kwa sasa, lala navyo chumbani kwako.