MBA peke yake, au MBA na uhandisi kwa pamoja?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina shahada ya uhandisi mitambo na miaka mitano kwenye kitengo cha matengenezo, kiwanda cha saruji hapa Dar es Salaam. Nataka kurudi shule. Nichukue MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara), au zile programu za Marekani zinazotoa MBA na uzamili wa uhandisi kwa mkupuo mmoja? Naogopa MBA itanisahaulisha uhandisi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hofu hiyo iweke kando. Wahandisi niliowaona wakiusahau uhandisi waliusahaulia ofisini, baada ya miaka kumi ya kusaini vocha, na wengi wao hawakuwa na MBA.

Jiulize unakwama wapi. Chukua feni ya tanuru lenu. Tuseme mota yake inakula kilowati 200 na inazunguka saa 7,000 kwa mwaka. Ukifunga inveta, kifaa cha kurekebisha kasi ya mota, ukaokoa asilimia 20, hizo ni uniti 280,000 za umeme kwa mwaka. Hesabu hiyo unaifanya umesimama. Sasa ingia nayo kikaoni: mkurugenzi wa fedha anataka kujua mtakopa kwa riba gani, pesa itarudi lini, na kwa nini isinunue malori. Kama hapo ndipo unapobaki unatazama meza (mimi niliitazama miaka mingi), basi kinachokupungukia ni MBA. Mota unaijua tayari.

Programu pacha zina mtu wake. LGO (Leaders for Global Operations), programu pacha ya chuo cha MIT kule Marekani, ilianza 1988, wakati viwanda vya Marekani vimebanwa na Wajapani, ili wapatikane viongozi wanaoelewa mtambo na mizania. Ni miaka miwili, sawa na MBA ya kawaida ya kule, lakini unatoka na shahada mbili. Kwa hiyo humo ndani ni mbio. Miezi sita kati ya hiyo unakaa kwenye kampuni mshirika, na tatizo utakalolikuta huko ndilo linalozaa tasnifu yako. Kwangu mimi, thamani ya programu nzima iko kwenye hiyo miezi sita. Harvard nao walianzisha ya kwao 2018, ila inaelemea kampuni za teknolojia. Mtu wa saruji atajiona mgeni kidogo.

Halafu pesa. Ada ya MBA kwenye vyuo vikubwa vya Marekani inapita dola 70,000 kwa mwaka, kabla hujalala wala kula. LGO hupunguza mzigo huo kwa ufadhili. Kwingine usitegemee mpaka uone barua.

Ukinitaka nikuchagulie: kama ndoto yako ni umeneja wa kiwanda hapa nchini, soma MBA ya jioni pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku mshahara unaingia. Na kama hujasajiliwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu, lianze hilo mwezi huu, maana uzamili wa popote haukupi muhuri wa Bodi. Programu pacha iombe kama unataka kusimamia uzalishaji wa kampuni yenye viwanda nchi kadhaa, au kuhamia fani nyingine ya uhandisi, tuseme otomatiki.

Ukiamua kwenda, muulize kwanza mwajiri wako kama atakushikia nafasi. Jibu liwe kwa maandishi, lenye mhuri.