Marafa saa sita mchana? Usithubutu

Umeniuliza kuhusu safari yenu ya Marafa, lile korongo la kuta nyekundu nje ya Malindi ambalo wenyeji huliita Nyari. Eti mnatoka Malindi saa nne baada ya chai, mteremke korongoni saa sita, chupa moja ya maji kwa watu watatu, kwa kuwa "ni mwendo wa saa moja tu". Nani kakwambia? Namjua. Ni dereva yule yule, au ndugu yake wa tumbo moja, aliyetuambia sisi kwamba jua likiwa juu ndipo rangi za kuta zinapotoka vizuri kwenye picha. Uongo mtupu! Mwanga wa saa sita unazipausha. Ule wekundu unawaka jioni, jua likienda kutua. Yeye alitaka kuwahi abiria wa alasiri mjini, basi.

Sikiliza ubaya wa pale. Mlima unaupanda ukiwa na nguvu, ukichoka unateremka. Marafa ni kinyume: unaanza kwa kuteremka, unacheka, unapiga picha, na kupanda kunakungoja mwisho, maji yameisha na mchanga unakurudisha nyuma. Juu ukingoni kuna upepo, unajiona sultani. Ukishaingia kati ya zile kuta, upepo unakatika. Joto linatoka juu, linatoka ukutani, linatoka chini ya soli. Tena tulienda katikati ya Machi, na huku kwetu, nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, jua la adhuhuri wakati huo linasimama utosini. Kivuli utakitafuta chini ya nyayo zako.

Na maji tuliyaacha garini. Dereva alisema msijibebeshe mzigo, mtarudi sasa hivi. (Mwenyewe alibaki chini ya mwarobaini, kiti kakilaza.) Shemeji yangu ndiye aliyezidiwa na joto. Kwanza alilalamika kichwa, halafu akanyamaza, na shemeji si mtu wa kunyamaza. Nikamshika mkono: wa moto, mkavu, hakuna hata tone la jasho. Akaniuliza mbona bado hatujafika Gede. Gede! Iko upande mwingine kabisa wa Malindi. Siku hizi tunamtania nayo, siku ile hakuna aliyecheka.

Kijana wa Kigiriama aliyetuongoza, Mungu ambariki, alimlaza kwenye kivuli kisichozidi msala, akamvua viatu, akamwagia maji yake mwenyewe shingoni na kwapani, akatuachia kanga tumpepee, akakimbia juu kuleta dumu. Tukampandisha mgongoni kwa zamu. Dripu usiku kucha, bili ya zahanati, na juu ya hayo dereva akatudai hela ya "muda wa kusubiri". Muda wa kusubiri, jamani! Kiti kakilaza!

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: saa tatu asubuhi ikukute umeshapanda, uko juu. Si "tunaelekea kupanda". Juu. Toka Malindi saa kumi na moja alfajiri, uvuke daraja la mto Sabaki kungali giza. Ni kilomita 30 na kitu, utafika na jua changa. Ukishindwa kuamka, basi uteremke baada ya saa kumi jioni, lakini uwe na mwenyeji, giza la huku halibishi hodi. Maji lita mbili kila mtu, mgongoni mwake, si garini. Tia ndimu na chumvi kidogo. Soda si maji. Na ile hadithi ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa mpaka ardhi ikawameza, mwambie kijana anayewaongoza awahadithie mkiwa ukingoni, si mmesimama juani kule chini mnaitikia "enhe, enhe".

Ndala ziache nyumbani, changarawe inateleza.

Umeuliza pia habari za nauli na kiingilio. Kiingilio mtalipa pale pale kwa wenyeji, nauli patana kabla hujapanda, na "kusubiri" kuwe ndani ya bei. Na huyo mtoto wenu wa darasa la kwanza, abaki juu na mtu mzima. Korongo lote linaonekana kutoka ukingoni, na akilia kiu dumu liko karibu.