Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Ni jambo gani moja lililosaidia zaidi nyumbani kwenu katika kuishi na kisukari?” Jibu langu ni sufuria. Tuliacha kumpikia mgonjwa peke yake. Mwaka wote wa kwanza nilifanya kinyume, tena nikiamini kwamba ndiyo namna ya kumtunza mume wangu.

Sisi ni watu wa Ujiji. Baba watoto alivua tangu ujana, na sasa ananunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi na kuwauza. Ilianza kwa kiu isiyokatika, kuamka kwenda haja ndogo mara nne au tano kwa usiku, na kukonda ilhali anakula. Majirani wakasema amerogwa. Hospitali ya Maweni walimpima sukari ya damu asubuhi akiwa hajala kitu, wakapata 14.2 (milimoli kwa lita). Nesi akatueleza kuwa kipimo cha namna hiyo kikifika 7.0, hicho ni kisukari. Kongosho lake bado linatoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, ila mwili hauitikii vizuri na yenyewe haitoshi tena. Hiyo ndiyo aina ya pili.

Siku ile ile nilipita sokoni Mwanga nikanunua sufuria ndogo. Humo nikawa nampikia kaugali ka dona, mchicha usioonja mafuta na samaki wa kuchemsha. Sisi wengine tuliendelea na ugali wa muhogo uliojaa sinia, migebuka iliyozama kwenye mawese, na chai ya sukari vijiko vitatu. Yeye alikula pembeni, kimya. Mgeni akibisha hodi, anaifunika sahani yake. Mavyaa, ambaye tunakaa naye, alinung'unika kila jioni kwamba mwanawe analishwa kama kifaranga. Na sukari haikushuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba akifika mwaloni anaagiza wali na chapati mbili, kwa kuwa kule hakuna anayemtazama kama mgonjwa.

Binti yetu wa mwisho, wakati huo ana miaka tisa, aliniuliza jikoni: “Mama, baba amekosa nini?” Aliona baba yake anatengwa sahani, akadhani ni adhabu. Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake niliigawa ile sufuria, na tangu hapo tunakula sinia moja.

Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya sinia. Nusu ni mboga: matembele, mchicha, mlenda, au sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa karanga kidogo. Robo ni samaki au maharage. Robo iliyobaki ni ugali, na kwa mtu mzima hauzidi ukubwa wa ngumi yake. Mawese sikuyaacha, maana Kigoma bila mawese hatungeweza, ila nayapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Embe tunakula nusu, tena tunalitafuna. Juisi hatutengenezi, kwa sababu glasi moja humaliza maembe mawili au matatu kwa mara moja.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi huku wanalikosea. Wanaamini kwamba dona haina sukari, kwa hiyo mgonjwa anaweza kula mpaka ashibe. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya pumba zake, lakini ni wanga, na wanga wote mwilini huishia kuwa sukari. Mtama ni wanga, ulezi ni wanga, muhogo ni wanga. Tuliliona kwenye mashine ya kupimia. Saa mbili baada ya bonge la dona ilisoma 13. Siku nyingine, baada ya ngumi moja ya ugali wa muhogo na sombe tele, ilisoma 9. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nagombana na aina ya unga wakati tatizo kubwa lilikuwa kipimo.

Mavyaa bado anatia sukari kwenye chai yake. Ana miaka themanini na kitu, na sitamnyang'anya kikombe.

Sufuria haiondoi dawa, naomba hili lisomwe vizuri. Kuna kipindi mtu alimletea mume wangu magome ya mti, akaacha vidonge kwa wiki tatu. Sukari ilifika 19. Kinyume chake, sukari kushuka mno, pia kipo: siku moja alimeza glibenklamidi, kidonge chake cha kushusha sukari, alfajiri, akaharakia boti bila kula, akarudishwa nyumbani anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamkwama. Nilimpa vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikasubiri dakika kumi na tano, nikampima tena. Alipokaa sawa ndipo nikampa chakula. Kwa hiyo sukari haijafukuzwa nyumbani kwangu. Ipo kwenye kopo, na ni dawa ya siku kama hiyo. Hata mfungo wa Ramadhani hauanzi kabla hajamwona daktari, na amekubali kwamba ikishuka chini ya 3.9 anafungua papo hapo.

Na miguu. Alizoea kutembea pekupeku mchangani tangu mtoto. Jioni moja nilikuta msumari mdogo umezama kisiginoni, na yeye hakuwa amehisi chochote, kwa kuwa kisukari kilikwisha kuua hisia za nyayo. Tuliwahi kliniki, kidonda kikapona. Tangu siku ile kila usiku nazimulika nyayo zake kwa tochi ya simu, hadi katikati ya vidole. Maji ya kuoga naonja mimi kwanza, asije akaungua bila kujua.

Sikuijua faida nyingine ya sufuria moja mpaka mwaka jana. Kifungua mimba wetu, anayeendesha bodaboda na kushinda ameketi kutwa, alipimwa akapata 6.4 kabla ya kula. Hajawa mgonjwa, lakini yuko njiani. Daktari alimwambia kuhusu utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002: watu wa hali kama yake waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Soda ameacha. Jioni anaiegesha pikipiki, anatembea na baba yake mpaka ziwani na kurudi, nusu saa hivi. Wakirejea wananikuta nimekwisha pakua, na mkewe ameanza kuniuliza sombe naitia karanga kiasi gani.