AC inapooza, inakata, inarudi: kabla ya kujaza gesi, angalia kompresa

Mkuu, unasema AC inapooza vizuri ukitoka asubuhi, ukifika katikati ya safari inaanza kupuliza vuguvugu, halafu baadaye inarudi yenyewe. Na umeshajaziwa gesi mara mbili bila nafuu. Gari langu lilinitesa hivyohivyo msimu mzima wa joto, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu kidogo.

Tuanze na hiyo gesi. Gesi ya AC haiungui wala hailiwi. Inazunguka humohumo kwenye mfumo uliofungwa, na ikipungua sana ujue inavuja. Anayekuongezea bila kutafuta inapovujia anakuuzia gesi, hajatengeneza kitu. Halafu kuna ubaya mwingine: gesi ikizidi kipimo, presha inapanda mno, swichi ya presha inakata kompresa (pampu inayosukuma gesi izunguke), na wewe unapata dalili ileile uliyokwenda nayo gereji. Kipimo huwa kimeandikwa kwa gramu kwenye stika chini ya boneti, na magari mengi madogo yanachukua kama nusu kilo tu. Kiasi hicho hakikisiwi kwa kuangalia mshale wa geji. Njia ya kuaminika ni kunyonya gesi yote, kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu wote, kisha kujaza kwa mizani.

Sasa kazi yenyewe. Siku ikikata, usiizime. Simama mahali salama, acha injini na AC vikiwa vimewashwa, fungua boneti, uangalie uso wa kompresa. Puli inayovutwa na belti itakuwa inazunguka muda wote. Mbele yake kuna sahani ya klachi, inayonasa kwenye puli ili kompresa ifanye kazi. Je, na yenyewe inazunguka, au imesimama tuli? Ukilijua hilo, nusu ya washukiwa umeshawaondoa. Gari likiwa gereji limepoa na AC inapooza, hata fundi bora atabaki kubahatisha, ndiyo maana nasisitiza uangalie wakati imekata.

Tuseme inazunguka na bado ndani ni joto. Gusa bomba nene la alumini linalotoka ndani kurudi kwenye kompresa, lakini shika upande wa ukuta unaotenga injini na kabini, mbali na belti na feni. Likiwa la baridi na linatoka jasho, ubaridi upo ila haukufikii. Hapo sikiliza upepo. Kama mwanzoni ulikuwa mkali kisha ukafifia kidogokidogo, evapareta (kipoza hewa kilicho nyuma ya dashibodi) imeganda barafu: zima AC, acha feni ya ndani ipulize robo saa, na ukiona upepo umerudi na maji mengi yanadondoka chini ya gari, umempata. Sababu huwa ni sensa ya joto ya evapareta iliyochoka, filta ya kabini iliyoziba, au hata gesi iliyopungua. Kama upepo ni uleule ila umegeuka wa joto, tena kwenye dashibodi kuna kitu kinagongagonga, angalia kimota kinachogeuza mlango wa hewa ya joto na baridi.

Bomba likiwa la joto ilhali kompresa inazunguka, hapo ni kazi ya fundi mwenye geji. Mojawapo ya mambo ya kumtajia ni unyevu ndani ya mfumo. Tone la maji linaganda kwenye ekspansheni valvu, kijitundu kinachopitisha gesi kwenda evapareta, gesi haipiti, baridi inakata. Barafu ikiyeyuka, baridi inarudi. Kwenye geji mshale wa upande wa presha ndogo unaporomoka hadi kwenye vakyumu. Dawa ni kubadilisha draya (chombo kinachonyonya unyevu kwenye mfumo) na kuvuta vakyumu ya kutosha. Gesi mpya juu ya maji yaleyale haisaidii.

Sahani ikiwa imesimama, swali ni moja: klachi inapata umeme? Fundi achomeke testa kwenye waya wake wakati huohuo imekata. Kama hakuna umeme, kuna kitu kimeukatalia: rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya presha, sensa au kompyuta ya injini. Rilei ni rahisi, kwenye magari mengi kuna nyingine ya aina ileile kwenye boksi la fyuzi, zibadilishane nafasi. Ila kabla ya hapo jiulize inakata wapi. Ikikata kwenye foleni na kurudi ukishachanganya mwendo, angalia feni ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) kabla ya chochote. Bila feni, gari likisimama joto halina pa kwenda, presha inapanda, swichi inazima kompresa kuilinda; ukiendesha, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Na kama kompresa inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache tangu asubuhi, hiyo ndiyo dalili halisi ya gesi kupungua. Angalia pia geji ya joto la injini, maana injini ikikaribia kuchemka kompyuta huizima AC kwa makusudi.

Langu lilikuwa na umeme ila sahani haivutwi. Fundi mmoja alishaniambia kompresa imekufa, ninunue nzima. Mwingine, mzee asiye na maneno mengi, alichukua mpini wa mbao akaigusa ile sahani kidogo, ikanasa ta! na baridi ikarudi. (Usijaribu hilo ukiwa na mikono mirefu ya shati wala kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Belti haina huruma.) Klachi ni sumaku ya umeme. Inatakiwa kuvuta sahani kupitia mwanya mdogo sana, kwenye kompresa nyingi chini ya milimita moja. Kadiri sahani inavyolika, mwanya unaongezeka. Asubuhi koili imepoa, inavuta bila shida. Ikishapata joto la injini, ukinzani wa waya wa shaba unapanda, kama asilimia 30 kutoka nyuzi 25 hadi 100, umeme unaopita unapungua na sumaku inalegea. Mwanya ambao asubuhi haukuwa tatizo, mchana unaishinda. Mzee alifungua sahani, akatoa kipete kimoja chembamba cha chuma nyuma yake, akapima mwanya, akafunga. Gesi haikuguswa kabisa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, asubuhi nzuri na katikati ya safari inakata, mimi ningeanza na klachi, kisha feni, kisha barafu. Ila kompresa nyingi za kisasa hazina klachi ya kunasa na kuachia. Sahani inazunguka muda wote na ubaridi unaongozwa na valvu ya ndani. Kama yako ni ya namna hiyo, kipimo cha sahani hakikufai, tumia joto la bomba na geji.

Nitajie aina ya gari na mwaka wake, upepo unafifia au haufifii, na inakata ukiwa kwenye foleni au kwenye mwendo. Ukishaiangalia hiyo sahani ikiwa imekata, niambie ulichoona tuendelee.