Jibu: Nani apokee mahari ya dada yako?

Jambo ndugu. Umeuliza nani apokee mahari: baba mdogo wa damu aliye Lubumbashi, asiyepiga hata simu, au jirani aliyewalea hapa Goma.

Kwanza mpigie baba mdogo kabla siku haijapangwa. Sisi, kwenye mahari ya kwetu, tulimruka baba mdogo wetu. Akaja siku yenyewe, akakaa mlangoni bila kugusa chai, wakwe wakituangalia tu. Iliniuma sana. Ikabidi tumwombe radhi mbele yao, ndipo akasogea.

Lakini msemaji wetu alikuwa mzee aliyetupokea Sake, mji jirani na Goma, tulipokimbia lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002. Hana damu yetu, ila mama alimwita shemeji mpaka alipofariki. Yule ni baba.

Kwa hiyo wakae wote: baba mdogo afungue kwa jina la ukoo, jirani azungumze. Na shangazi aitwe mapema.