Nakala 60 za kitabu cha ngalawa: nichapishe wapi?

SWALI: Mwanangu, nimeandika kitabu cha kurasa 144 juu ya kuchonga ngalawa, tangu kuuangusha mwembe hadi kutweka tanga. Mchapaji wa Kariakoo anasema hachapi chini ya nakala 500. Wanunuzi ninaowajua hawafiki 60. Mjukuu ananiambia nikipeleke Amazon, eti kinachapwa kimoja kimoja kila anapotokea mnunuzi. Ni kweli? (Mstaafu, Kigamboni)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hajakosea, lakini wateja wako wako Kigamboni na Bagamoyo, na Amazon haina duka la Tanzania. Nakala itachapwa ng'ambo, isafirishwe, na nauli huenda ikazidi bei ya kitabu chenyewe.

Huyo wa Kariakoo naye hakuonei. Yeye hutumia ofseti, uchapaji wa mashine kubwa unaotaka pleti (mabamba ya chuma yenye sura ya kurasa) na mashine kuandaliwa, na gharama hiyo ni ileile uchape 50 au 1,000. Mtafute mwenye mashine ya dijitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Haina pleti, kwa hiyo nakala 20 au 30 anazipokea. Atakutajia bei kubwa kwa nakala, usishtuke. Tuseme ofseti ni shilingi 4,000 kwa nakala: 500 ni milioni 2. Dijitali tuseme ni 9,000: nakala 60 ni 540,000. Ukiuza hizo 60 kwa 15,000 unapata 900,000. Kwa dijitali umebaki na 360,000. Kwa ofseti una hasara ya milioni 1.1 na maboksi ya nakala 440 uvunguni. (Yangu yaliliwa na mchwa, basi tuyaache.)

Chapa 30 kwanza, zikiisha urudi. Ila faili la PDF liwe mkononi mwako, lenye fonti (maumbo ya herufi ulizotumia) ndani yake, si kwenye kompyuta ya fundi peke yake. Ukubwa A5, yaani nusu ya A4, unakufaa: karatasi moja ya A3 inabeba kurasa nane, nne kila upande, kwa hiyo 144 zinaingia kwenye karatasi 18 bila kupoteza hata moja. Michoro ya kalamu iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, maana kwa 300 mistari myembamba hukatikakatika. Rangi au picha ya jalada izidi milimita 3 kila upande utakaokatwa. Mgongo utakuwa kama milimita 7 kwa karatasi ya gramu 80, lakini mwombe fundi apime karatasi yake mwenyewe kabla jina halijawekwa hapo. Lipia nakala moja ya majaribio, uifungue mpaka katikati, uone kama gundi inashika.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, ichukue Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ile ya bure ya Amazon haitumiki kwa mchapaji mwingine. Ukiwa na yako, mjukuu anaweza kukiweka Amazon kwa ajili ya walio Uingereza au Marekani, iwapo wanapokea vitabu vya lugha uliyoandikia, na wewe ukaendelea kuchapa hapa. Hata wachapishaji Mkuki na Nyota wa hapa Dar, vitabu vyao huuzwa nje kupitia msambazaji African Books Collective ya Oxford, Uingereza, nayo huchapa kwa oda.